Amana ya Mambo ya Wazi

Katika mazungumzo ya kila siku neno mpelelezi huleta picha ya mtu anayenyata usiku, anayefungua barua za watu, au anayetega sikio dirishani. Picha hiyo ni ya kweli kwa sehemu tu. Zipo katika serikali nyingi idara ambazo watumishi wake hawanyati wala hawafungui barua ya mtu. Huja kazini asubuhi kwa mlango wa mbele, huketi mezani, na kutwa nzima husoma mambo ambayo kila mwenye macho angeweza kuyasoma: magazeti, hotuba za mawaziri, matangazo ya redio, hesabu za makampuni, daftari za usajili wa meli, picha za dunia zilizopigwa na satelaiti na kuuzwa sokoni, na maneno ambayo watu wenyewe huyaweka katika mitandao ya kijamii. Kazi yao ni kukusanya, kulinganisha, kupima, na kumwarifu mwenye mamlaka. Huitwa upelelezi wa vyanzo vya wazi.

Nia ya insha hii ni kuuliza swali moja juu ya mtu anayewekwa kuwaongoza watumishi hao. Maadamu kila anachokikusanya kiko wazi, je, yu salama na lawama? Wengi hujibu kwamba yu salama. Husema kwamba aibu ya upelelezi imo katika kuiba siri, na asiyeiba hana la kuulizwa. Mimi naona kwamba kiongozi huyu ana deni kubwa la maadili, pengine kubwa kuliko la yule anayeongoza wezi wa siri, na nitajaribu kueleza kwa nini.

Swali hili si geni kwa watu wa vyuo vikuu, maana wasomi wa lugha na historia ndio walioitia kazi hii msingi. Mwaka 1939, vita vikuu vya pili vilipokuwa mlangoni, shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, liliweka kituo cha kusikiliza redio za mataifa mengine mahali paitwapo Wood Norton, karibu na mji wa Evesham. Mwaka 1943 kituo kilihamia Caversham, karibu na Reading, na taarifa zake zilikwenda serikalini kila siku. Wasikilizaji wengi walikuwa wakimbizi wenye elimu kutoka Ulaya ya kati. Mmoja wao alikuwa Ernst Gombrich, ambaye baadaye alikuwa bingwa wa historia ya sanaa. Mwanzoni mwa Mei 1945 redio ya Ujerumani ilitangaza kwamba habari kubwa i njiani, kisha ikapiga muziki wa Bruckner. Gombrich alijua kwamba muziki ule ulihusiana na kifo cha Wagner. Akakisia kwamba Hitler amekufa, na ndivyo ilivyokuwa. Muziki ule ulisikiwa na kila mwenye redio. Tofauti ilikuwa katika elimu ya sikio lililousikia.

Marekani nayo iliunda idara ya kusikiliza matangazo ya kigeni Februari 1941. Tarehe 6 Desemba mwaka ule, siku moja kabla ya Pearl Harbor kushambuliwa, taarifa yake ilieleza kwamba redio ya Japani imezidisha sauti ya uhasama. Hasira iliweza kusikika redioni; mahali na saa ya pigo havikusikika. Hapo yaonekana uwezo wa kazi hii na mpaka wake kwa pamoja. Idara hiyo iliwekwa chini ya CIA mwaka 1947, ikageuzwa kuwa Open Source Center mwaka 2005, na mwaka 2015 ikapewa jina la Open Source Enterprise. Majina yamebadilika na vyombo vimebadilika. Kazi yenyewe imebaki ile ile, na maswali yake ya maadili yamekua kwa kadiri habari za wazi zilivyoongezeka.

Tuanze na hoja ya wale wasemao kwamba kilicho wazi hakina mwenyewe. Mwenye macho haambiwi tazama, na mtu aliyeanika nguo zake uani hawezi kumshitaki jirani kwa kuziona. Hoja hii ina nguvu, na kwa mambo mengi ni ya haki. Waziri anapohutubia umati, au serikali inapochapa sheria katika gazeti lake rasmi, imekusudia kusikiwa. Hakuna aliyedhulumiwa kwa kusikiliza.

Lakini wahenga walisema pia kwamba haba na haba hujaza kibaba, na methali hii, ambayo tumezoea kuitumia kusifu uvumilivu, yaeleza siri yote ya kazi ninayoizungumza. Chukua mfano wa mwalimu wa kike katika mji mdogo. Jumatatu aliweka mtandaoni picha ya darasa lake. Mwezi uliopita aliweka picha ya harusi ya ndugu yake. Siku nyingine alilalamika kwamba mtaa wao hauna maji. Juzi alionyesha jua likizama mbele ya dirisha lake. Kila moja ni punje, na kila punje aliitoa kwa hiari yake. Akija mtu akaziokota zote na kuzipanga, atajua mwalimu huyu anakaa nyumba ipi, anaondoka saa ngapi, ana jamaa gani, anaabudu wapi, na ana uchungu gani na wakubwa wa mji. Mwalimu alitoa punje. Kibaba hakukitoa kamwe, wala hakujua kwamba kinaweza kujaa.

Hata majeshi yenye walinzi na nyua za seng'enge hayakusalimika na jambo hili. Novemba 2017 kampuni ya Strava ilitoa ramani ya dunia iliyoonyesha njia za wakimbiaji na wapanda baiskeli waliotumia programu yake. Januari 2018 watu waligundua kwamba katika nchi za vita, kama Syria na Afghanistan, mistari ya ramani ile ilichora kambi za kijeshi, maana askari walikuwa wakifanya mazoezi na saa zao mkononi. Hakuna askari aliyeuza siri. Kila mmoja alikimbia tu.

Basi neno wazi lina maana mbili, na hatari huanza pale tunapozichanganya. Yapo mambo yaliyo wazi kwa sababu mwenyewe ametaka yajulikane, na yapo yaliyo wazi kwa sababu hakuna aliyedhani kwamba mtu atapata kazi ya kuyaokota. Yale ya kwanza ni mali ya watu wote. Haya ya pili ni kama mzigo ulioachwa barazani: hauna kufuli, lakini una mwenyewe. Na hapa ndipo ninapoiona tofauti kati ya kiongozi wa upelelezi wa siri na kiongozi wa upelelezi wa wazi. Siri hulindwa na kufuli, na mlinzi, na hakimu anayeombwa kibali, na hofu ya kukamatwa. Mpelelezi wa siri akitaka kuvuka mpaka, kuna kitu cha kumkwaza mguu hata kama hana haya. Mambo ya wazi hayana mlinzi wa namna hiyo. Mara nyingi kinachoyalinda ni dhamiri ya yule anayeyakusanya, basi. Kizuizi cha nje kinapopungua, deni la ndani huongezeka.

Mtu atasema kwamba sheria zipo. Ni kweli. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yalinda faragha katika ibara ya 31, na ya Tanzania katika ibara ya 16; Kenya ilitunga sheria ya kulinda data mwaka 2019, na Tanzania ikatunga sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2022. Lakini sheria za namna hii, popote duniani, kwa kawaida huacha mlango kwa ajili ya usalama wa taifa, na kiongozi tunayemzungumza amesimama katika mlango huo huo. Hawezi kuiambia sheria imfikirie jambo ambalo sheria imemwachia yeye alifikiri.

Deni lake la kwanza, basi, ni kwa watu ambao maneno yao yanaokotwa. Kiongozi mwema hudai kila kazi ianze kwa swali lililoandikwa: twataka kujua nini, kwa haja gani, na habari kiasi gani yatosha? Kikosi kisicho na swali hukusanya kila kitu, na kinachokusanya kila kitu lazima kikusanye wasiohusika. Ikiwa swali ni je, bandari fulani imepokea silaha, basi meli, shehena na tarehe zatosha. Jina la mke wa mchukuzi halihitajiki, hata kama limeonekana. Kuonekana si sababu ya kuandikwa. Na kilichoandikwa kwa bahati, kikaonekana hakina haja, yafaa kifutwe, maana faili hudumu kuliko nia ya aliyeifungua. Mkuu wa leo huenda ni mtu mpole. Faili alizojaza zitarithiwa na mkuu wa kesho, na hakuna ajuaye moyo wake.

Kwamba madhara haya si ndoto, mambo ya Boston mwaka 2013 yanatosha kuonyesha. Baada ya mabomu kulipuka katika mbio za marathoni mwezi Aprili, watu wengi waliojitolea walichambua picha za wazi katika intaneti, wakitafuta wahalifu. Wakamtaja kijana mmoja, mwanafunzi aliyekuwa amepotea kwao. Hakuhusika hata kidogo, na siku chache baadaye alipatikana amekufa. Jamaa zake, ambao walikuwa wakimtafuta kwa machozi, walipokea matusi kutoka kwa watu wasiowajua. Wale waliomtaja hawakuvunja kufuli lolote. Walikuwa na macho mengi, na hawakuwa na mtu wa kuwaambia: ngojeni. Kuwapo kwa mtu wa kusema ngojeni ndiyo sababu ya kwanza ya kikosi kuwa na kiongozi.

Deni la pili ni kwa ukweli. Tunayo methali isemayo kwamba lisemwalo lipo, na ikiwa halipo laja. Ni methali nzuri kwa barazani, na ni sumu kwa idara hii. Katika dunia ya habari za wazi lisemwalo mara nyingi halipo, wala haliji. Limetungwa na mtu anayejua kwamba idara inasoma, naye ataka isome uwongo wake. Jambo moja likirudiwa na magazeti kumi si mashahidi kumi ikiwa yote kumi yalinakili moja. Kiongozi asiyewafundisha watu wake kuuliza chimbuko la habari atakuwa anahesabu mwangwi akidhani anahesabu sauti.

Lakini tusidhani kwamba uwongo ni ugonjwa wa mambo ya wazi peke yake. Kabla ya vita vya Irak zilipatikana hati zilizodai kwamba Irak imepatana kununua urani kutoka Niger. Zilikuwa hati za siri, na usiri wao uliwapa watu wengine imani. Tarehe 7 Machi 2003 Mohamed ElBaradei, mkuu wa shirika la kimataifa la nguvu za atomiki, aliliambia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwamba hati hizo si halisi. Makosa yake yaliweza kujulikana kwa kulinganisha na mambo ya wazi: barua moja ya mwaka 2000 ilibeba jina la waziri aliyekuwa ameacha wizara ile miaka mingi kabla. Orodha ya mawaziri, ambayo mtu yeyote angeweza kuitafuta, ilikuwa na ukweli mwingi kuliko karatasi iliyofichwa. Hata hivyo vita vilianza tarehe 20 mwezi ule ule. Mambo ya wazi yakipimwa vizuri yaweza kuisahihisha siri, lakini hayawezi kumlazimisha mtu asiyetaka kusahihishwa.

Katika deni hili la ukweli kuna jambo moja ambalo mwalimu wa lugha hawezi kulipita upesi, nalo ni uzito wa maneno ya shaka. Sherman Kent alikuwa profesa wa historia katika chuo kikuu cha Yale kabla ya kuongoza, kuanzia mwaka 1952 hadi 1967, ofisi ya CIA iliyoandika makadirio ya taifa kwa kutumia habari za wazi na za siri pamoja. Mwaka 1951 makadirio moja yalisema kwamba shambulio juu ya Yugoslavia lihesabiwe kuwa jambo linalowezekana kwa uzito. Afisa mmoja wa Wizara ya Mambo ya Nje akamwuliza Kent maneno hayo yana kiasi gani. Kent akajibu kwamba kwake ni kama 65 kwa 35 upande wa kutokea. Mwulizaji akashtuka, kwa kuwa yeye na wenzake waliyafahamu kwa kiasi cha chini zaidi. Kent akawauliza wenziwe walioyaandika na kuyakubali pamoja naye: mmoja akasema 20 kwa 80, na mwingine akasema 80 kwa 20. Walikuwa wameketi meza moja, wakatia saini sentensi moja, kumbe kila mtu ametia saini jambo lake.

Mwaka 1964 Kent aliandika makala juu ya mkasa huu, akapendekeza maneno yapewe vipimo: karibu yakini iwe kama 93 katika 100, yaelekea iwe kama 75, na kadhalika mpaka chini. Wenzake aliwagawa makundi mawili, wanahisabati na washairi. Washairi ni wale waliosema kwamba lugha haiwezi kufungwa kwa tarakimu, na kwamba msomaji atayaelewa maneno kwa mazingira yake. Sisi tuliokulia katika fasihi moyo wetu waweza kuwaegemea washairi; lakini katika jambo hili nadhani haki ilikuwa kwa wanahisabati. Shairi likifahamiwa kwa njia mbili huwa limetajirika. Taarifa ya vita ikifahamiwa kwa njia mbili yaweza kuua.

Kiswahili chetu kina ghala kubwa la maneno haya: labda, pengine, huenda, yamkini, yawezekana, yaelekea, bila shaka. Mwalimu yeyote anaweza kuwaomba wanafunzi wake wayapange kutoka dogo mpaka kubwa, naye ataona kwamba mipango yao haifanani. Na fundi akikwambia inshallah kesho, utahitaji kumjua fundi mwenyewe kabla ya kujua kama ameahidi au amekataa kwa adabu. Lakini lugha yetu ina pia chombo kingine, chenye faida kubwa kwa kazi hii. Tazama sentensi tatu: meli imefika, meli itakuwa imefika, meli yasemekana imefika. Wa kwanza ameona au amehakikisha. Wa pili amehesabu siku na upepo, akakisia. Wa tatu amesikia kwa watu. Meli ni ile ile na bandari ni ile ile, lakini mashahidi ni watatu tofauti, na mtoto wa Kiswahili huwatofautisha kabla hajaenda shule.

Sasa fuata safari ya taarifa katika idara. Mchambuzi kijana huandika ukurasa mzima: meli itakuwa imefika, kwa sababu hizi na hizi. Mkubwa wake hufupisha ukurasa kuwa aya. Mkubwa wa mkubwa hufupisha aya kuwa mstari, maana waziri hana wakati. Katika kila kituo yapo maneno yanayoonekana mepesi ya kukatwa, na yanayokatwa kwanza ni itakuwa na yasemekana. Taarifa ikifika juu husomeka: meli imefika. Hakuna aliyesema uwongo. Kila mtu amefupisha tu. Naam, hivi ndivyo shaka ya watu watano huzaa yakini ya mtu mmoja mwenye uwezo wa kuamuru. Kiongozi wa kikosi amewekwa katikati ya ngazi hii, na nadhani hana wajibu mzito kuliko kuyalinda maneno haya madogo yasianguke njiani.

Wala nisifahamike kusema kwamba vipimo huondoa makosa. Tarehe 19 Septemba 1962 ofisi ya Kent ilitoa makadirio kwamba Urusi haielekei kuweka makombora ya nyuklia Kuba. Tarehe 14 Oktoba ndege ilipiga picha za makombora hayo. Mtu mwangalifu aweza kukosea. Tofauti ni kwamba aliyeandika yaelekea amemwachia msomaji nafasi ya kujiandaa kwa kinyume chake. Aliyeandika hakika amemfungia mlango.

Deni la tatu ni kwa mwenye mamlaka, nalo hulipwa kwa kumwambia asiyopenda. Tunasema mjumbe hauawi. Na kwa kweli mjumbe wa siku hizi hauawi, hunyimwa tu kuitwa tena. Hofu hiyo yatosha kupotosha. Mwezi Oktoba 2002, serikali ya Marekani ilipoandaa makadirio juu ya silaha za Irak, kitengo kidogo cha upelelezi cha Wizara ya Mambo ya Nje kilikataa kukubali kwamba ushahidi unatosha kuonyesha Irak imefufua mpango kamili wa silaha za nyuklia. Kukataa huko kuliandikwa ndani ya makadirio yenyewe, kukabaki. Hakukuzuia vita. Lakini waliokuja kuchunguza baadaye waliweza kuona kwamba ukweli ulikuwa umesemwa, na kwamba haikuwa lazima kila mtu akosee. Kiongozi anayeruhusu neno la upinzani liandikwe, hata likiwa la mtumishi mdogo aliyeajiriwa juzi, anaihifadhia idara yake njia ya kurudi.

Deni la nne ni kwa watumishi wenyewe. Husahauliwa kwa sababu kusoma huonekana kazi nyepesi. Lakini mambo ya wazi ya siku hizi ni pamoja na picha za watu wakiuawa. Agosti 2017 mahakama ya kimataifa ya jinai ya The Hague ilitoa hati ya kumkamata kamanda mmoja wa Libya, Mahmoud al-Werfalli, na sehemu kubwa ya ushahidi ilikuwa video zilizowekwa katika mitandao. Ili ushahidi wa namna hiyo upatikane, lazima mtu aketi aitazame video ile mara ya kwanza, na mara ya kumi, akitafuta kivuli, ukuta, au kibao cha duka kitakachomwambia ni wapi na lini. Mwongozo wa uchunguzi wa vyanzo vya wazi uliotolewa mwaka 2020 na Umoja wa Mataifa pamoja na chuo kikuu cha California huko Berkeley uliweka ulinzi wa nafsi za wachunguzi kati ya mambo ya lazima, na ulifanya vizuri. Kiongozi anayewatunza watu wake kwa mishahara na kuwaacha na ndoto zao mbaya hajawatunza. Zamu fupi, ruhusa ya kusema nimechoka bila kuonekana dhaifu, na amri kwamba jambo la kutisha lisitazamwe na mtu asiyelihitaji: haya ni madogo kuyaandika, na makubwa kwa anayeyapata.

Yafaa sasa nikabili hoja iliyo nzito kuliko zote. Mtu aweza kusema: adui hana haya. Yeye huokota kila punje, haulizi haja wala hafuti faili. Kiongozi anayejizuia anawaweka raia wake hatarini kwa ajili ya usafi wa moyo wake mwenyewe. Siidharau hoja hii. Nchi ina haki ya kujilinda, na asiyejua jirani yake anatenda nini hawezi kujilinda.

Lakini kuna jambo ambalo mwenye hoja hii hajalihesabu. Mambo ya wazi ni kisima, na maji yake ni watu kusema bila hofu. Mwananchi akijua kwamba kila neno lake, hata la utani, laokotwa na kuwekwa faili, atafanya mojawapo ya mambo mawili: atanyamaza, au atasema yale anayodhani yanapendeza. Akinyamaza, kisima kimekauka. Akisema ya kupendeza, kisima kimetiwa maji ya chumvi, na idara itakunywa humo bila kujua. Watawala wengi wamezungukwa na sifa kwa njia hii, wakashangaa siku ya kuanguka kwamba hakuna aliyewaambia. Kwa hiyo kujizuia kwa kiongozi ni utunzaji wa chombo chake cha kazi, mbali na kuwa sala ya mtu mpole. Anayevua kwa baruti hupata samaki wengi siku ya kwanza.

Na kuna namna ya kukilipa kisima. Kwa miaka mingi taarifa za kila siku za idara ile ya Marekani, zenye tafsiri za redio na magazeti ya dunia, Afrika pamoja, ziliwekwa katika maktaba za vyuo vikuu, na wanahistoria wakazitumia. Huduma iliyozirithi, World News Connection, ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2013. Idara ikaendelea kusoma mambo ya wazi, lakini matunda ya usomaji huo yakafungiwa ndani. Nadhani hapo palipotea haki fulani. Kilichookotwa uwanjani kwa fedha ya watu, kikitafsiriwa na kupangwa, kwa sehemu kubwa chaweza kurudishwa uwanjani bila kuidhuru nchi. Kugeuza la wazi kuwa siri kwa sababu tu limepita mikononi mwa serikali ni kujitwalia mali isiyo yako.

Sisi walimu tunahusika. Baadhi ya vijana tunaowafundisha lugha, historia na sayansi ya kompyuta watakaa katika meza hizo, na wachache watakuwa wakuu. Tunawafundisha kusikia vizuri; hiyo ni nusu ya elimu yao. Nusu ya pili ni kujua neno limesemwa na nani, kwa nani, kwa kiasi gani cha yakini, na kama walikuwa na haja ya kulisikia. Chuo kisichofundisha nusu hii kinawapa serikali masikio makali yasiyo na kipimo.

Kazi ya kiongozi huyu haina sifa nyingi. Akipata habari kubwa, sifa zitakwenda kwa aliyeitumia. Akilinda neno itakuwa lisikatwe, hakuna atakayejua kwamba lilikuwa hatarini. Na yale aliyokataa yasikusanywe, ingawa yalikuwa wazi na mkono ulifika, hayataandikwa katika taarifa yoyote ya mwaka. Mwalimu yule wa mji mdogo hatajua kamwe kwamba palikuwa na mtu aliyezitazama punje zake akaziacha pale zilipo. Anayeweza kuzikusanya, na ambaye hakuna wa kumwuliza, ndiye ninayemwita mwenye amana.